Wananiita Mwalimu wa Linki

Shikamoo Bibi Maktaba,

Mimi ni mwalimu wa hisabati kwenye sekondari moja ya kata huku Masasi. Nina miaka 34, mume na watoto wawili. Naandika usiku na nina hasira kidogo, kwa hiyo nikikosa adabu mahali unisamehe.

Mambo yalianza mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Nikiwa nyumbani na simu yangu nikagundua kwamba vyuo vikubwa vya ng'ambo vimeweka masomo yao mtandaoni bila malipo. MIT, Harvard, Stanford, majina niliyokuwa nayasikia tu. Bibi, nilikuwa mbuzi aliyefunguliwa kwenye shamba la mihogo. Kila nilichokiona nilikihifadhi, na nilichokihifadhi nikaona ni uchoyo kukaa nacho peke yangu. Nikafungua grupu la WhatsApp. Nilianza na walimu wenzangu, wakaleta ndugu zao, ndugu wakaleta majirani. Leo tuko 812. Kila asubuhi kabla sijawasha jiko nimeshatupia linki tatu au nne: kozi ya takwimu, ya kompyuta, ya ufugaji, ya Kifaransa, vitabu vya PDF, mitihani iliyopita. Wiki iliyopita nilizihesabu. Zimefika 1,400 na kitu.

Mwezi uliopita nikauliza swali moja tu: "Ndugu zangu, kuna aliyemaliza hata kozi moja?" Kimya mpaka jioni. Halafu mmoja akatuma stika ya mikono inayoomba. Mwingine akaandika "Amina". Wa tatu akauliza kama kuna kozi ya unesi yenye cheti.

Nilikuwa sijapoa na hilo, mwanafunzi wangu wa zamani aliye Dar akanitumia tangazo. Kuna mtu anauza "paketi ya kozi 1,000 za kimataifa" kwa shilingi 15,000. Ndani yake mmejaa vitu vyangu. Hata notsi zangu za aljebra nilizoandika kwa mkono zimo, na ukurasa wa nne bado una paka aliyechorwa na binti yangu pembeni! Mtu anamuuza paka wa mwanangu.

Shuleni nimepewa jina. Mkuu wa shule alipotakiwa kutoa mtu wa kwenda kwenye semina ya TEHAMA alisema, "Aende Mwalimu wa Linki," ofisi nzima ikacheka. Nilicheka nao, nikaenda kulia chooni.

Baba watoto naye amechoka na bando. Yeye ni fundi wa kuchomelea. Mwaka jana alipata oda ya matranka ya wanafunzi wa bweni, bati likawa jembamba, kila akiligusa na fimbo ya kuchomelea linatoboka. Nikamtafutia video moja, akaiangalia kama mara sita, akaweza. Sasa ananitania kwamba moja yake imezaa kuliko elfu zangu.

Na mimi mwenyewe, Bibi, nisikufiche. Nimejiandikisha kozi 23 na sijamaliza hata moja. Ile ya takwimu nimekwama wiki ya pili tangu mwaka juzi. Kila nikirudi naanza upya wiki ya kwanza, sasa wiki ya kwanza nimeikariri.

Nilifunge grupu? Niwatoze ada ili wapate uchungu? Na huyu anayeuza vitu vyangu nimfanyeje?

Mwalimu wa Linki,
Masasi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umelia sana kuhusu watu 812 na mchuuzi wa paketi, lakini jibu umelificha kwenye mistari miwili uliyoipita mbio: mumeo na bati lake jembamba.

Hebu turudi pale. Alikuwa na matranka ya watu yanayosubiri. Wewe unamjua, mashine yake unaijua, na kilichomshinda ulikuwa unakiona kila jioni akirudi na mikono imeungua. Katika video zote zilizoko duniani ulimchagulia moja. Hukumwambia "pitia hizi ukipata nafasi". Akaitazama, akaenda karakana, akatoboa bati, akarudi kuitazama, akatoboa jingine. Shule ni hiyo. Sasa niambie, katika hayo yote wale 812 umewapa lipi?

Nilikuwa mkutubi miaka 31. Mwaka mmoja tulipokea shehena ya vitabu vya msaada, maboksi yakajaa hadi veranda. Tulishangilia. Tukavipanga vyote, maana kutupa kitabu cha msaada tuliona ni laana. Mlikuwa na mwongozo wa kodi wa jimbo moja la Marekani, nakala kumi na nne za kitabu kimoja cha kuteleza kwenye theluji, na katikati ya hayo vitabu vizuri kabisa vya umeme wa majumbani na ufugaji wa kuku. Watu waliingia, wakatembeza macho, wakatoka. Mwezi wa tatu mwenzangu mmoja, hakuwa hata na cheo, akachukua vitabu arobaini akaviweka kwenye rafu moja karibu na mlango. Kila kimoja alikipachika kikaratasi: "Hiki anzia ukurasa wa 30, kabla ya hapo ni porojo." "Hiki ni cha mwenye kuku chini ya mia." Rafu ile ikawa inabaki tupu kila Ijumaa. Vile vya theluji viko pale mpaka leo, nadhani.

Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, ambaye sisi wakutubi tunamchukulia kama babu yetu, mwaka 1931 aliweka kanuni tano za kazi hii. Ya nne inasema umwokolee msomaji muda wake. Wewe umekuwa ukiula. Mtu mwenye bando la siku moja na nusu saa kabla mtoto hajaamka, umemtupia linki nne na kumwachia kazi ngumu kuliko zote, ya kujua ipi ni ya kwake. Kazi hiyo ilikuwa yako, mwalimu ni wewe.

Kabla hujajiona mvivu peke yako, sikia hesabu hizi. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig waliweka mtandaoni kozi ya akili mnemba kutoka Stanford. Walijiandikisha watu wapatao 160,000 na waliofika mwisho walikuwa elfu ishirini na ushee. Hao walikuwa wa kwanza, wana moto. Mwaka 2019 jarida la Science likatoa uchambuzi wa miaka sita ya kozi za MIT na Harvard kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Mwaka wa masomo 2017–18, katika kila watu 100 waliojiandikisha walimaliza kama watatu. Zaidi ya nusu ya wanaojiandikisha hawakuwahi hata kuingia darasani. Kwa hiyo watu wako ni watu wa kawaida, na wewe mwenye kozi 23 ni wa kawaida vilevile.

Katika uchambuzi uleule, waliokuwa wamelipia cheti walimaliza kwa asilimia 46. Najua umeshachangamka: basi niwatoze! Polepole. Aliyetoa pesa yake mara nyingi alikuwa ameshaamua kabla ya kuitoa, anataka kazi fulani au cheo fulani. Ukimtoza yule wa "Amina" atajitoa tu kwenye grupu. Na liko suala la ruhusa, nitalifikia.

Kingine ambacho watu hawakielewi: mwaka 2001 MIT walipotangaza mpango wao wa OpenCourseWare, walichoahidi kutoa bure ni vifaa vya somo. Notsi, maswali, baadaye na video. Mwalimu wa kukusahihisha hayumo, darasa halimo, cheti hakimo. Ni kama upewe unga, nazi na sukari, ukaambiwa haya, mandazi hayo. Anayejua kukanda atashukuru. Asiyejua atahitaji mtu wa kusimama naye jikoni.

Nchi hii iliwahi kulijua hilo kabla ya intaneti. Mwaka 1973 nilikuwa msichana mdogo, mama yangu akawa kwenye kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza nchi nzima, somo lilelile kwa kila mtu, kama linki zako. Tofauti ni kwamba vijiji vilikuwa na vikundi na kila kikundi na mtu wa kukiongoza. Walikaa chini ya mwembe, wakasikiliza pamoja, wakafungua kitabu, halafu yule kiongozi akauliza: hapa kwetu maji yanatuama wapi? Wakainuka wakaenda kufukia. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja.

Sasa tuje kwako. Grupu usilifunge, lakini acha kutupia. Waambie kwamba kuanzia mwezi ujao kitakuja kitu kimoja kila wiki mbili. Watakaojitoa wajitoe, usimfuate mtu inbox. Katika hizo 1,400 chagua kumi na mbili, na sharti langu ni moja: usichokipitia wewe mwenyewe mpaka mwisho hakiingii. Hata kama ni cha Harvard. Hata kama kila mtu anakisifia.

Kila kimoja kiandikie maneno yako, kama vikaratasi vya yule mwenzangu. Kinamfaa nani, kinataka ujue nini kabla, video ianzwe dakika ya ngapi na iachwe wapi, ina MB ngapi. Mwisho swali moja la kufanya kwa kalamu, lirudishwe kwako kwa picha kabla ya Jumapili. Kwa Kiswahili. Hapa ndipo unapomzidi profesa wa Marekani. Yeye hajui kwamba mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza amefundishwa hesabu miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na sasa kinachomzamisha ni maneno ya Kiingereza zaidi ya hesabu. Msikilizishe sauti yako ya dakika tatu: "Akisema neno hili, ni ule mteremko tuliochora kwenye paa la bati." Mpe orodha ya maneno kumi na tano na maana zake kabla hajaifungua video. Notsi za dakika kumi za mtu anayekujua zina thamani kuliko saa arobaini za asiyejua kama upo.

Halafu tafuta watu wanane. Hao 804 wengine waache wasome kimya. Wanane unaowajua kwa sura, wenye bati linalotoboka: yule anayerudia mtihani, yule wa stationery anayetaka kujua jedwali la hesabu kwenye kompyuta, mwalimu mwenzako anayeogopa mada ya uwezekano. Mkutane Jumamosi darasani, saa moja na nusu, mtazame pamoja, mfanye swali palepale. Wakibaki watano, endelea na watano.

Suala la bando baba watoto ana haki. Usiwafanye watu wanunue video ileile mara nane. Nyinyi walimu mlipewa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, na najua vingi vinachezesha katuni. Chukua kompyuta moja ya shule uweke programu inayoitwa Kolibri. Inatolewa bure na shirika la Learning Equality, na menyu yake unaweza kuiweka kwa Kiswahili. Masomo unayapakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, au unayachukua kwa flashi kutoka kwa mwenye nayo. Baada ya hapo kishikwambi au simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ya chumba kile inafungua masomo bila kugusa bando. Masomo ya Khan Academy yamo, na kwa watoto wako wadogo zimo hadithi za African Storybook, nyingine kwa Kiswahili. Itakuchukua siku mbili za kutukana kompyuta. Mwombe kijana wa stationery akusaidie, naye umhesabu kwenye wale wanane.

Sasa mchuuzi wetu. Kwanza tutenganishe maneno mawili, maana hata walimu wakuu huyachanganya. Kitu cha bure si lazima kiwe huria. Kozi nyingi za Coursera, jukwaa jingine kama edX, na za edX yenyewe, ukiruhusiwa kuzitazama bila kulipa, ruhusa ni ya kutazama tu, hujaruhusiwa kuzipakua ukazigawa. Kitu huria kinakuja na leseni inayokuambia ufanye nini nacho, mara nyingi ya Creative Commons, na herufi zake zimeandikwa chini kabisa ambako hatusomi. BY ni kwamba umtaje aliyekitengeneza. NC ni kwamba usikifanyie biashara. ND ni kwamba usikibadilishe. SA ni kwamba ukikibadilisha, toleo lako nalo ulitoe kwa masharti hayohayo. Vifaa vya OpenCourseWare vina BY, NC na SA. Kwa hiyo unaruhusiwa kuvitafsiri kwa Kiswahili na kuvigawa Masasi nzima, mradi useme vimetoka wapi na toleo lako ulitoe kwa leseni hiyohiyo. Yeye haruhusiwi kuviuza kwa 15,000. Wewe pia huruhusiwi, ndiyo maana nikasema ada uiweke pembeni.

Notsi zako za aljebra ni zako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda tangu ulipoziandika, hukuhitaji kuzisajili popote. Paka naye ni wa binti yako. Hifadhi picha za tangazo lile, mwandikie muuzaji kwa ustaarabu, mtajie kurasa, mpe siku saba aviondoe. Akikaidi, peleka malalamiko COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sikuahidi utajiri. Mara nyingi barua ya kwanza inatosha, kwa sababu mtu wa namna hiyo hapendi kujulikana.

Lakini kabla hujamwita mwizi, mwanangu, fungua orodha yako mwenyewe. Umesema umetupia vitabu vya PDF. Vya nani? Kama ni kitabu cha dukani ambacho mtu amekipiga picha ukurasa kwa ukurasa, mwandishi wake naye ana ukurasa wa nne wake. Vifute. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) viko kwenye Maktaba Mtandao yao, waelekeze watu huko badala ya kusambaza nakala zilizofifia. Na notsi zako ziandikie jina lako na masharti yako chini ya kila ukurasa, ili anayetaka kuzitumia kwa wema ajue njia.

Mkuu wa shule sitakupa cha kumjibu. Alikupeleka kwenye semina, umenufaika, na ukiwa na wanane wanaofanya maswali kila Jumamosi jina litabadilika lenyewe au litabaki na wewe hutajali. Baba watoto mpikie kitu, kisha mwombe aje Jumamosi moja awaonyeshe wale wanane jinsi alivyojifunza lile bati: alikwama wapi, aliirudisha video mara ngapi, alipoteza mabati mangapi. Atakataa kwanza. Msihi.

Zile kozi 22 jitoe leo, zote, bila kuziaga. Bakiza ya takwimu. Kesho watoto wakishalala, fungua wiki ya pili. Ya kwanza usiiguse.

Bibi Maktaba